Orodha Ndefu na Programu Inayojifunga: Maelezo Mintarafu ya Hitilafu Moja katika Hifadhi za Sauti

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza hitilafu moja ambayo, kwa kadiri nionavyo, imeanza kuwasumbua wengi wetu tunaoshughulika na sauti zilizorekodiwa: nyimbo za taarabu, tenzi zinazosomwa kwa mahadhi, ngano, na masimulizi ya wazee. Hitilafu yenyewe ni hii. Mtu huifungua programu ya kuchezea muziki katika tarakilishi yake, akaipa orodha ya nyimbo 50, nayo ikazicheza zote bila taabu. Siku ya pili huipa orodha ya nyimbo 4,000. Programu hucheza kitambo kidogo, au isicheze kabisa, kisha hutoweka ghafla kwenye skrini pasi na kutoa neno lolote. Huifungua tena, nayo hutoweka tena.

Yamkini msomaji atauliza: jambo hili lina nasaba gani na jarida la lugha za Kiafrika? Nasaba ipo, na si ya mbali. Sehemu kubwa ya taarabu ya Mombasa ya miaka ya 1970 na 1980 ilienea kwa kaseti, na kaseti hizo ndizo zinazohamishiwa katika tarakilishi na watafiti wa fasihi simulizi, ama kwa fedha za vyuo, ama (mara nyingi zaidi) kwa fedha za mifuko yao wenyewe. Kila kaseti inapochezwa utepe wake husuguliwa, na utepe wenye umri wa miaka 40 hauna uhakika wa kuvumilia msuguo mwingi. Mwenzangu mmoja, baada ya programu yake kujifunga kwa mara ya tano au ya sita, alikata shauri kwamba mafaili ya sauti yalikuwa yameharibika. Akawa tayari kuyafuta yote na kuanza upya kuzihamisha sauti kutoka kwenye kaseti. Angalifanya hivyo, kaseti zingalipitishwa tena mashinani bila sababu, na baadhi yake labda zisingalirudi salama. Mafaili yalikuwa mazima. Kosa lilikuwa mahali pengine kabisa.

Hoja yangu basi ni kwamba programu inapojifunga kwa sababu ya orodha ndefu, muziki wenyewe uwe mtuhumiwa wa mwisho. Aghalabu kosa ni mojawapo ya mambo mawili: ama mzigo umezidi, ama ndani ya mzigo mna mwiba mmoja. Dalili za mambo haya mawili hufanana mno kwa nje, lakini tiba zake hazifanani hata kidogo.

Imekwama, imejifunga, au imefungwa?

Tuanze na lugha, maana hapo ndipo uchunguzi mwingi unapoharibikia. Wanafunzi wetu wana neno moja kwa kila balaa: "imehang". Neno hilo hufunika hali tatu ambazo Kiswahili, kwa viambishi vyake, kinaweza kuzipambanua vizuri.

Hali ya kwanza ni kukwama. Dirisha la programu lipo, ila halisikii kipanya wala kibodi. Katika hali hii programu yaweza kuwa hai na yenye shughuli nyingi. Ikiwa inazisoma lebo za nyimbo 4,000 kutoka katika diski ya nje iliyo nzito, huenda ikachukua dakika kadhaa, na anayeifunga kwa nguvu katikati ya kazi ndiye anayeleta uharibifu. Hali ya pili ni kujifunga: kosa limetokea ndani ya programu yenyewe, ikashindwa kuendelea, ikaanguka. Hali ya tatu ni kufungwa. Hapa mtendaji ni mwingine, yaani mfumo wa uendeshaji. Katika Linux, mathalani, kumbukumbu ya tarakilishi nzima inapokaribia kwisha, kiini cha mfumo huchagua programu moja, aghalabu ile iliyokamata kumbukumbu nyingi, kikaiua ili nyingine zipone. Kiambishi -ji- na kiambishi -w- vinatueleza nani ashtakiwe.

Nakiri kwamba mpaka baina ya hali ya pili na ya tatu si ukuta wa mawe. Hata hivyo hatuna haja ya kubahatisha, kwa kuwa mfumo wa uendeshaji huweka shajara ya matukio, na kifo cha programu huandikwa humo. Katika Linux mtu ataona imeandikwa wazi kwamba programu iliuawa kwa upungufu wa kumbukumbu. Katika Windows ataona namba. Namba 0xC0000005 maana yake ni kwamba programu iligusa sehemu ya kumbukumbu isiyokuwa yake. Namba 0xC00000FD maana yake ni kwamba rundo la kazi zake ambazo hazijakamilika lilifurika. Nimeona watu wakihangaika kwa majuma mawili na hitilafu ambayo shajara ilikuwa imekwisha kuitaja siku ya kwanza. Msomaji na aanzie hapo.

Mzigo au mwiba

Shajara ikiwa haikutosha, inabidi kufanya majaribio. Hapa hatuna cha kuwaonea wahandisi wivu, kwani njia yenyewe tunaijua. Mwanafunzi wa fonolojia hufundishwa mapema kwamba akitaka kujua iwapo /p/ na /b/ ni fonimu mbili, halinganishi "pata" na "bustani". Hulinganisha "pata" na "bata", ili tofauti iwe moja tu. Mtu anayebadilisha programu, akahamisha mafaili, akafupisha orodha, yote kwa mkupuo mmoja, kisha akafurahi kwamba hitilafu imetoweka, analinganisha "pata" na "bustani". Hajajua kitu.

Jaribio la kwanza ni kuigeuza orodha, wa mwisho awe wa kwanza. Ikiwa hapo awali programu ilijifunga ilipofika kwenye wimbo fulani, na sasa inajifunga penye wimbo ule ule ingawa nafasi yake imebadilika, basi kuna mwiba. Ikiwa inajifunga baada ya hesabu ile ile ya nyimbo, hata ziwe nyimbo gani, basi ni mzigo. Na ikiwa haijali wimbo wala hesabu, bali hufa baada ya muda uleule wa kucheza, yafaa kushuku kwamba inachukua kumbukumbu kidogo kwa kila wimbo na hairudishi. Mfano wa mtu anayeazima vitabu kila siku pasi na kurudisha hata kimoja, hadi rafu ya maktaba ikawa tupu.

Jaribio la pili ni la kugawa nusu kwa nusu. Nilipokuwa masomoni ng'ambo kwa shahada ya uzamili nilifundishwa njia hii na fundi wa maabara ya lugha, mzee asiyependa maneno mengi, ambaye aliitumia kwa kila kitu kuanzia nyaya hadi orodha za wanafunzi. Orodha ya nyimbo 4,000 hukatwa ikawa mbili za nyimbo 2,000. Ile inayojifunga hukatwa tena, na tena. Mwiba mmoja katika nyimbo 4,000 hupatikana kwa hatua 12 tu, ilhali anayezijaribu moja baada ya moja huenda akamaliza likizo yake yote. Ikiwa kila nusu peke yake inacheza vizuri, na zikiunganishwa programu hujifunga, basi hakuna mwiba; ni mzigo. Ikiwa nusu zote mbili zinajifunga, mtu asikate tamaa: ama miiba ni zaidi ya mmoja, ama hata nusu yenyewe ni nzito mno. Aendelee kukata.

Wengine hupendekeza jaribio la mkato: kuuchukua wimbo mmoja usio na dosari na kuuandika mara 4,000 katika orodha. Jaribio hili lina faida, ila lina mtego. Linapima urefu wa orodha tu. Halipimi uzito wa vitu vinavyoandamana na nyimbo, kwa kuwa programu nyingi zikishasoma lebo ya faili moja hazirudii kuisoma. Orodha hiyo ikicheza salama, tumejua kwamba urefu si kosa. Hatujajua kwamba mzigo si kosa. Tofauti hii ndiyo iliyotupoteza sisi kwa siku mbili.

Mzigo wenyewe ni nini?

Faili la wimbo halina sauti peke yake. Lina pia lebo, na tangu muundo wa ID3 wa kwanza wa mwaka wa 1996 lebo hizo zimekuwa zikinenepa. Ule muundo wa kwanza ulikuwa na baiti 128 tu, zikikaa mwishoni mwa faili, na jina la wimbo lilipewa nafasi 30; waliopata kuona majina ya tenzi yamekatwa katikati wanajua chanzo chake. Muundo wa pili ulihamia mwanzoni mwa faili na kuruhusu mambo mengi, zikiwamo picha. Na picha ndizo zilizokuwa adui wetu.

Msaidizi wetu, kwa nia njema kabisa na kwa bidii ya kusifiwa, alikuwa amezipiga chapa za skana jalada zote za kaseti kwa ubora wa juu, kisha akaipachika kila picha ndani ya kila wimbo wa kaseti hiyo. Picha moja ilikuwa na nukta 3,000 kwa 2,000. Ikiwa imekunjwa ndani ya faili ilikuwa ndogo, haizidi baiti milioni mbili. Lakini programu haiwezi kuionyesha picha ikiwa imekunjwa. Ni lazima iikunjue kwanza, na kila nukta ikikunjuliwa huchukua baiti nne. Hesabu yake ni rahisi: nukta milioni 6 mara nne ni baiti milioni 24 kwa picha moja.

Programu tuliyoitumia (sitaitaja jina, maana si yeye peke yake mwenye kosa hili) ilikuwa ya biti 32. Programu ya namna hiyo yaweza kuhesabu anwani 4,294,967,296 tu za kumbukumbu, na kwa desturi Windows huiachia nusu yake, yaani baiti 2,147,483,648. Haijalishi kama tarakilishi ina kumbukumbu maradufu ya hiyo, au mara nane. Programu haina namba za kuifikia. Ukigawanya kiasi hicho kwa milioni 24 utapata picha 89. Kwa kuwa ilizikunjua picha zote zilizopita kwenye skrini na kuzishika bila kuziachilia, ya 90 haikuwa na pa kukaa, hata kabla ya kuhesabu mahitaji mengine ya programu. Sasa yafahamika kwa nini nyimbo 3,000 zilizonunuliwa, zenye picha ndogo, zilicheza salama, na kaseti zisizotimia mia moja ziliiangusha programu. Mwenzangu aliona kwamba kaseti ndizo zinazojifunga, akahitimisha kwamba kaseti zimeoza. Uchunguzi wake ulikuwa sahihi. Hitimisho lake ndilo lililopotoka.

Tiba ilikuwa nyepesi. Picha za awali tulizihifadhi katika folda yake, kwa sababu ni ushahidi wa kihistoria wenyewe, na ndani ya nyimbo tukaweka nakala za nukta 600 kwa 400, ambazo hata zikikunjuliwa hazifiki baiti milioni moja. Kisha tukatafuta toleo la biti 64. Naona hatua ya kwanza ndiyo muhimu zaidi, kwani toleo la biti 64 bila kupunguza picha lingaliahirisha tu tatizo hadi hifadhi ikue.

Kuna mizigo mingine ambayo nitaipitia kwa haraka. Programu nyingine hulifungua kila faili ili kusoma lebo, ikasahau kulifunga. Katika mifumo mingi ya Linux programu moja huruhusiwa kwa desturi kuwa na milango 1,024 iliyo wazi kwa wakati mmoja, na mitatu kati ya hiyo huwa imekwisha kushikwa tangu mwanzo. Programu inayojifunga kila mara inapokaribia wimbo wa 1,021 imejitambulisha yenyewe. Nyingine hujifunga mtu anapobofya ili kuzipanga nyimbo kwa alfabeti, hasa ikiwa tayari zimepangwa, kwa kuwa zipo njia za kupanga ambazo hujirudia ndani kwa ndani, na orodha iliyokwisha kupangwa ndiyo huzirudisha mara nyingi zaidi. Hapo ndipo ile namba 0xC00000FD huonekana.

Miiba, na hasa majina

Mwiba wa kwanza ni lebo iliyopotoka. Lebo ya ID3 ya muundo wa pili huanza kwa baiti 10, na nne kati yake hutangaza urefu wa yanayofuata. Baiti hizo zikiharibika, faili la baiti milioni tatu laweza kutangaza lebo ya karibu baiti milioni 268. Programu yenye busara hulinganisha tangazo na urefu wa faili, ikakataa. Isiyo na busara huamini, ikaomba kumbukumbu yote hiyo, ikaanguka. Sauti ndani ya faili haina dosari. Ukiifuta lebo na kuiandika upya, wimbo hucheza kama kawaida.

Mwiba wa pili unatuhusu sisi zaidi, maana ni mwiba wa tahajia. Orodha ya aina ya M3U ni maandishi matupu: kila mstari ni jina la faili na njia ya kulifikia. Zamani maandishi hayo yaliandikwa kwa jedwali la herufi la tarakilishi husika, na jedwali la Ulaya Magharibi halikuwa na herufi za Kiarabu. Basi wimbo wa Umm Kulthum ambao jina la faili lake limeandikwa kwa Kiarabu hugeuka katika orodha kuwa safu ya alama za kuuliza. Katika Windows alama ya kuuliza hairuhusiwi katika jina la faili, kwa hiyo orodha inataja faili ambalo haliwezi hata kuwapo.

Wala tusidhani kwamba Kiswahili, kwa kuandikwa kwa herufi za Kirumi, kimesalimika. Tunayo ritifaa. Ipo katika "ng'ombe" na "ng'ambo", na ipo katika jina la mwanamuziki mashuhuri wa Mombasa, Zein l'Abdin. Kwa macho ni alama moja. Kwa tarakilishi ziko angalau mbili: iliyonyooka, ambayo huchukua baiti moja, na iliyopinda, ambayo programu za kuandikia hupenda kuiweka zenyewe bila kuombwa, nayo huchukua baiti tatu katika UTF-8. Orodha iliyoandikwa kwa UTF-8 ikisomwa kwa jedwali la zamani, ritifaa iliyopinda hugeuka alama tatu za ajabu, na faili halionekani. Tulikuta nyimbo zilezile zimehifadhiwa mara mbili, kwa ritifaa mbili tofauti, na msaidizi akiapa kwamba majina ni yale yale. Kwa mwanaisimu hakuwa na makosa. Kwa mashine yalikuwa majina mawili yasiyo na udugu.

Faili lililokosekana lisingepaswa kuiangusha programu, ingetosha kuliruka. Lakini kuruka kwenyewe kumeandikwa vibaya katika baadhi ya programu. Zikikosa wimbo mmoja, hujiita zenyewe upya ili kucheza unaofuata, kabla ya kumaliza kazi ya kwanza. Zikiukosa huo pia, hujiita tena. Nyimbo 50 zikikosekana hakuna anayetambua. Lakini hifadhi nzima ikihamishwa kutoka diski ya D kwenda ya E, njia zote 4,000 katika orodha hukatika kwa pamoja, na rundo la kazi hufurika kabla ya kusikika hata noti moja. Hapa mwiba na mzigo vimekuwa kitu kimoja, na kugawa nusu kwa nusu hupotosha, kwa sababu kila nusu fupi itaonekana nzima ingawa haichezi kitu. Asikilize basi, asitazame tu.

Ugonjwa unaozaliwa na ugonjwa

Limebaki jambo moja ambalo lisipojulikana huvuruga majaribio yote niliyoyataja. Programu nyingi za muziki huweka daftari lao la siri, faili ambamo huandika kila wimbo zilioujua. Programu ikianguka inapokuwa inaandika, daftari hubaki nusu. Kuanzia hapo itaanguka kila inapofunguliwa, hata kwa orodha ya nyimbo tatu, kwa kuwa husoma daftari kabla ya kusoma orodha. Mtafiti huona kwamba hata orodha fupi sasa haichezi, akaamini kwamba uharibifu umeenea katika mafaili yake. Ni katika hatua hii hasa ambapo mwenzangu alitaka kuyafuta.

Kabla ya kila jaribio, programu ifungwe kabisa na daftari hilo lihamishiwe pengine. Nasema lihamishwe, si lifutwe, kwani huenda lina hesabu na maelezo ambayo mtu ameyaandika kwa miaka. Programu italiunda jingine. Kadhalika mafaili ya sauti yakopiwe kwenye diski ya pili kabla ya lolote, na kila faili lihesabiwe namba yake ya uhakiki kwa programu zinazofanya kazi hiyo. Namba ya nakala na ya asili zikilingana, faili halikubadilika hata biti moja, na hakuna haja ya kubishana. Sisi tunaohakiki miswada ya tenzi, tukilinganisha nakala beti kwa beti, tungependa sana kupata kipimo cha namna hiyo.

Kwa hifadhi ya mwenzangu, kaseti zimerudi kabatini bila kuguswa. Orodha imeandikwa upya kwa UTF-8, ikahifadhiwa kwa jina linaloishia na M3U8, na ndani yake njia za mafaili zinaanzia pale orodha ilipo badala ya herufi ya diski, ili hifadhi ikihamishwa orodha isikatike. Ritifaa zote katika majina ya mafaili zimefanywa iliyonyooka. Tulibishana kidogo kuhusu hilo, maana yeye aliiona iliyopinda kuwa nzuri zaidi machoni. Tumekubaliana ibaki katika vichwa vya makala zake.